Picha moja imetumika sehemu tatu bila ruhusa: nianze na nani, na niandike nini?

Mwanga_Pembeni ameuliza:

Wakuu, habari za humu ndani. Naomba mwongozo wa wanaoyajua vizuri madai ya hakimiliki ya picha.

Nina picha ya daraja usiku, ile ya kuacha shata wazi mpaka taa za magari zinakuwa mistari. Ipo kwenye tovuti yangu na kwenye Instagram, jina langu likiwa kona ya chini kulia. Nimeitafuta kwa Google Lens nikaikuta kwa watu watatu.

Wa kwanza ni kampuni inayouza rangi za majengo. Imeiweka ukurasa wa mbele wa tovuti yake na kwenye tangazo la kulipia la Facebook. Wa pili ni tovuti ya habari: wameikata chini ili jina lisionekane, kisha wakaandika "Picha: Mtandao". Wa tatu ni ukurasa wa Instagram wenye wafuasi wengi unaokusanya picha za miji. Wameirudia nzima, jina linaonekana, ila hawakuniomba wala kunitaja.

Sijampa mtu yeyote ruhusa, hakuna mteja aliyeniagiza kuipiga na sijaajiriwa na yeyote. Faili ghafi ya kamera ninayo. Sijaisajili popote, na sijamwandikia yeyote kati yao.

Nataka kujua: nianze na yupi? Je, niombe malipo au waitoe tu? Wakisema wataandika jina langu, dai limekwisha? Na ile tovuti ya habari haina anwani yoyote zaidi ya fomu ya mawasiliano, nifanyeje?

---

Kumbukumbu_Kamili amejibu:

Mkuu, umefanya vizuri kutomwandikia mtu. Kaa hivyo hivyo mpaka ushahidi wote uwe mkononi. Barua ya kwanza ikifika, picha inaweza kuondolewa dakika hiyo hiyo, na kama huna nakala utabaki kubishana kwa maneno matupu.

Anza na tangazo la Facebook kwa sababu ndilo linalopotea haraka. Fungua Maktaba ya Matangazo ya Meta, inaonekana kwa mtu yeyote, andika jina la kampuni uone matangazo yake yote. Matangazo ya kawaida ya biashara sehemu nyingi huonekana humo yakiwa bado yanaendelea, yakisimamishwa yanatoweka. Nakili namba ya utambulisho ya tangazo, tarehe lilipoanza, na majukwaa linakoonekana, maana mara nyingi tangazo moja linatoka Facebook na Instagram kwa pamoja. Angalia pia matoleo yake: kampuni huweza kuwa na tangazo lilelile kwa maneno matatu tofauti, na hayo ni matumizi ya kuhesabiwa.

Kwa tovuti zote mbili fanya hivi. Piga picha ya skrini ya ukurasa mzima, siyo kipande chenye picha yako tu, na anwani ya ukurasa ionekane juu. Kisha uchapishe ukurasa kama PDF ukiwa umewasha kichwa na kijachini cha kivinjari, ili anwani na tarehe viingie vyenyewe kwenye kila karatasi. Baada ya hapo peleka anwani hiyo Wayback Machine ya Internet Archive uihifadhi. Hii ina uzito zaidi ya picha yako ya skrini kwa sababu inatunzwa na mtu wa tatu ambaye hana maslahi kwenye ugomvi wenu. Ukiwa humo humo tazama nakala za nyuma za ukurasa huo. Zinaweza kukuonyesha picha yako ilianza kuonekana lini, na muda wa matumizi ndio utakaobeba hesabu ya malipo.

Usisahau anwani ya picha yenyewe. Bofya kulia juu ya picha, uifungue kwenye kichupo kipya. Tovuti iliyotengenezwa kwa WordPress, kwa mpangilio wake wa kawaida, huweka mafaili kwenye folda za mwaka na mwezi, hivyo njia ya faili peke yake inakupa dokezo la mwezi ilipopakiwa. Ukiona anwani hiyo inaelekea kwenye seva yako mwenyewe, au ni chapisho lako la Instagram lililopachikwa, simama kwanza. Hapo hawajanakili faili, wameiita kutoka kwako. Mahakama za nchi mbalimbali hazikubaliani juu ya jambo hili, na wala usikimbilie kuibadilisha picha kwenye seva yako kabla hujahifadhi ushahidi.

Pakua faili yao uisome kwa ExifTool, programu ya kusoma taarifa zilizomo ndani ya faili. Kama jina lako bado limo ndani ya metadata, yaani taarifa hizo zinazosafiri na faili, una ushahidi mzuri sana. Kama halimo, usiwatuhumu kwamba wamelifuta, kwa sababu mitandao ya kijamii huondoa sehemu kubwa ya metadata wakati wa kupakia. Huenda waliichukua Instagram ikiwa tayari haina kitu. Kukata kona yenye jina ni jambo jingine kabisa, hilo limefanywa na mkono wa mtu.

Upande wako tayarisha haya: faili ghafi, fremu zilizopigwa kabla na baada ya hiyo, na toleo lililohaririwa lakini halijakatwa. Fremu za jirani ndizo zinazomaliza ubishi, kwa sababu mwizi anaweza kuwa na JPEG lakini hana picha tano zilizopigwa sekunde chache kabla kutoka pembe ileile. Fanyia kazi nakala, faili asilia usiziguse wala kuzihifadhi upya, maana programu nyingi hubadilisha tarehe ya faili.

Jambo la mwisho kwa upande huu: Lens peke yake haitoshi. Pitisha pia TinEye, Bing na Yandex, na uigeuze picha kama inavyoonekana kwenye kioo kisha uitafute tena, kwa sababu wengi huigeuza ili isitambulike. TinEye inaweza kupanga matokeo kuanzia ya zamani, lakini tarehe unayoiona ni siku roboti yake ilipoikuta picha, siyo siku ilipochapishwa. Usiiandike kwenye barua kama tarehe ya kuchapishwa, watakukosoa hapo na dai lote litaonekana halina umakini.

---

Kifungu_na_Haki amejibu:

Naongezea upande wa sheria, kwa sababu maswali yako mawili yanajibiwa huko.

Kutosajili hakukunyimi haki. Mkataba wa kimataifa wa hakimiliki wa Berne wa 1886, ambao sasa una nchi zaidi ya 180, unasema ulinzi hauhitaji urasimu wowote. Sharti hilo limekuwamo tangu marekebisho ya Berlin ya 1908. Picha ilipopigwa tu, hakimiliki ilikuwa yako. Yanayoweza kukunyang'anya ni mambo ya mkataba na ajira, na hayo umeshasema hayapo. Wengine wanaosoma uzi huu wayaangalie kwanza: kama uliipiga ukiwa kazini, au ulisaini fomu ya mashindano ya picha yenye kipengele cha kuwapa waandaaji haki ya matumizi, au uliwahi kuipakia kwenye hifadhi ya picha za bure, dai lako linaweza kufa kabla halijazaliwa. Leseni ya hifadhi ya picha za bure kwa kawaida hairudishwi nyuma kwa aliyekwisha kuipakua. Leseni za Creative Commons, zile za kuruhusu watu watumie kazi bure kwa masharti, nazo hazifutiki, na toleo la 4.0 linampa aliyekiuka masharti siku 30 tangu agundue kosa. Akilirekebisha ndani ya muda huo haki zake za leseni zinarudi.

Kuhusu jina: hapana, kuandika jina hakufuti dai. Kutajwa na kuombwa ruhusa ni haki mbili. Ya kutajwa ni haki ya kimaadili, imo kwenye kifungu cha 6bis cha Berne pamoja na haki ya kupinga kazi yako isiharibiwe kwa namna inayokushushia heshima. Ya ruhusa ni haki ya kiuchumi. Mtu anaweza kuivunja moja, nyingine, au zote. Ukurasa wa Instagram umevunja ya pili. Tovuti ya habari imevunja zote, na kukata jina kunaweza kuwa kosa la peke yake: Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO (shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki) wa 1996, kifungu cha 12, unazitaka nchi wanachama zilinde taarifa za mwenye haki zilizoambatanishwa na kazi.

Watu wa habari watajitetea kwamba waliripoti tukio. Isome hoja hiyo vizuri. Nchi nyingi zina ruhusa ya kutumia kazi za wengine katika kuripoti habari, lakini mipaka yake ni tofauti. Uingereza, kwa mfano, sheria yake ya 1988 imeziondoa picha za kamera kwenye ruhusa hiyo kwa jina kabisa. Kwingineko wanaangalia kama picha yenyewe ndiyo habari au imewekwa kupamba tu. Daraja lako kama limewekwa kupamba makala ya msongamano wa magari, hoja yao ni dhaifu.

Hoja nyingine utakayoisikia ni "ilikuwa mtandaoni, imewekwa hadharani". Masharti ya Instagram yanaipa leseni Instagram yenyewe. Hayampi leseni muuza rangi.

Sasa, sheria ya nchi gani? Berne inajibu kwenye kifungu cha 5: ni ile ya nchi unakodai ulinzi. Kwa hiyo angalia kampuni iko wapi na ina mali wapi kabla hujatoa vitisho. Ikiwa mhusika yuko Marekani, kusajili kunabadilisha mambo mengi. Fidia ya kisheria ya dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, inayoweza kufika 150,000 kama ukiukaji ulikuwa wa makusudi, inapatikana tu kama ulisajili kabla ya ukiukaji au ndani ya miezi mitatu tangu picha ichapishwe mara ya kwanza. Ukichelewa unabaki na hasara halisi na faida waliyoipata, ambazo ni wewe wa kuzithibitisha. Tangu 2022 kuna pia Bodi ya Madai ya Hakimiliki kwa madai yasiyozidi dola 30,000, nafuu kuliko mahakama, ila mdaiwa anaruhusiwa kujitoa ndani ya siku 60. Muda wa kufungua kesi huko ni miaka mitatu, Uingereza ni sita. Usiache dai lilale.

Tahadhari moja ambayo naiona kubwa kuliko zote: usiandike "lipa au nakushtaki polisi", wala "lipa au nakuanika mtandaoni". Dai la malipo ya leseni ni haki yako. Kuliambatanisha na tishio la jinai au la aibu kunaweza kusomwa kama kutoza fedha kwa vitisho, na hapo mwenye kosa unakuwa wewe. Ndiyo maana hata kuwataja hadharani kabla ya mazungumzo nashauri usifanye.

---

Ankara_Safi amejibu:

Nianze na jibu la swali lako la kwanza: anza na kampuni ya rangi. Imetumia kwa biashara, imelipia tangazo, inajulikana ilipo na ina hela ya kulipa. Wengine wawili wanaweza kusubiri siku chache baada ya ushahidi kuhifadhiwa.

Na kabla ya kuandika, amua unataka nini. Hapa ndipo madai mengi yanapoharibika. Mtu anaanza kwa kutuma ombi la kuondoa kwa kampuni inayohifadhi tovuti, picha inatoka, halafu wiki mbili baadaye anapeleka ankara. Kufikia hapo mdaiwa anajiona amekwisha maliza, na sababu ya kuzungumza nawe imepungua sana. Haki yako kisheria ipo palepale, ila nguvu ya mazungumzo imekwenda. Kwa matumizi ya biashara: kwanza barua yenye dai, muda, na kiasi, kuondolewa kwa lazima kufuate wakikataa au wakinyamaza.

Hesabu ya kiasi usiitoe hewani. Jiulize ungewatoza kiasi gani kama wangekuja siku ya kwanza. Bei ya leseni inatokana na mambo haya: aina ya matumizi, chombo, ukubwa wa picha, muda, eneo, na kama wanataka wao peke yao ndio watumie. Tuseme ada yako ya ukurasa wa mbele wa tovuti kwa mwezi ni 100 na ya tangazo la kulipia kwa mwezi ni 150, na ushahidi unaonyesha tovuti miezi minne, tangazo miezi miwili. Hiyo ni 400 na 300, jumla 700. Halafu ndipo unaongeza kwa kukosekana kwa jina, kwa gharama za kufuatilia, na kwa ukweli kwamba hawakuomba. Mahakama za Ujerumani mara nyingi huongeza asilimia 100 ya ada pale jina la mpiga picha lilipoachwa. Nchi nyingine hutoa fidia karibu na ada ya kawaida tu. Ankara zako za zamani kwa wateja wengine ndizo zitakazokutetea, ziambatanishe ukiwa umeficha majina ya wateja. Ukidai mara hamsini ya bei yako ya kawaida unampa wakili wao hoja ya bure.

Barua iwe fupi. Mfano:

"Kwa Mkurugenzi,

Yah: Matumizi ya picha yangu bila leseni

Mimi ni mmiliki wa hakimiliki ya picha iliyoambatanishwa kama Kiambatanisho A. Tarehe ... nilibaini kuwa kampuni yenu inaitumia kwenye ukurasa [anwani] na kwenye tangazo la kulipia namba ..., kama inavyoonekana kwenye Kiambatanisho B. Kumbukumbu zangu hazionyeshi leseni yoyote iliyotolewa kwenu.

Kama mnayo leseni, tafadhali nitumieni nakala yake na jina la aliyewapa. Kama hamnayo, naomba ndani ya siku 14, yaani kabla ya tarehe ...: (a) mnijulishe matumizi yalianza lini na sehemu nyingine zote picha ilipotumika, zikiwamo mabango na machapisho ya karatasi, (b) mlipe kiasi cha..., kilichokokotolewa kama inavyoonekana kwenye Kiambatanisho C, (c) msimamishe matumizi, au mniombe leseni ya kuendelea.

Hakuna leseni inayotolewa kwa barua hii. Haki yoyote ya kutumia picha itaanza pale tu malipo yatakapopokelewa yote na makubaliano kusainiwa. Haki zangu zote zinabaki kama zilivyo."

Sentensi hizo tatu za mwisho usizifute. Bila hizo, ankara tupu inaweza kusomwa kama umekubali waendelee kutumia na wamebaki na deni la kawaida tu. Pia weka tarehe kamili ya mwisho, siyo "mapema iwezekanavyo".

Swali la (a) linaonekana la adabu tu lakini ndilo la thamani kubwa. Kampuni nyingi hazitengenezi matangazo zenyewe, zina wakala. Wakala anaweza kuwa aliinunua picha kwa nia njema kutoka kwa mtu aliyeipakia kwenye soko la picha akijifanya ni yake. Nia njema kwa kawaida haiwaondolei wajibu, inaweza kupunguza kiasi, lakini jibu lao litakuonyesha mkiukaji wa nne ambaye huenda anaendelea kuwauzia wengine.

Mpelekee mtu sahihi. Fomu ya mawasiliano inasomwa na wa huduma kwa wateja, itafia hapo. Tafuta anwani iliyosajiliwa ya kampuni, tuma barua pepe na nakala ya karatasi kwa njia yenye kusainiwa wakati wa kupokea. Siku 14 zikipita kimya, kumbusha mara moja ukiwapa siku 7, kisha mwone wakili. Kukumbusha mara tano kunawafundisha kwamba hakuna kitakachofuata.

---

Mwanga_Pembeni ameandika:

Asanteni sana wakuu, nimeanza na Maktaba ya Matangazo, matoleo ni manne na yote nimeyahifadhi. Kwa tovuti ya habari, nimeangalia taarifa za domeini: jina la mmiliki limefichwa, na seva inaonyesha Cloudflare. Je, Cloudflare ndio niwaandikie waitoe? Na ukurasa wa Instagram nikiuripoti, watajua ni mimi?

---

Seva_na_Njia amejibu:

Cloudflare mara nyingi hawahifadhi tovuti, wanasimama mbele yake kupitisha mawasiliano, ndiyo maana unaiona anwani yao badala ya seva halisi. Hata hivyo wajazie fomu yao ya malalamiko ya hakimiliki. Kazi yake ni kupeleka lalamiko kwa mwenye tovuti na kwa kampuni inayoihifadhi, na kwa kawaida wanakujulisha ni kampuni gani hiyo. Ukishaipata, hao ndio wa kuwaandikia. Lakini kabla ya yote hayo tumia ile fomu ya tovuti na barua pepe ya mhariri, kwa maana chumba cha habari kinaweza kulipa au kurekebisha bila kuzunguka. Wape siku 7.

Kampuni inayohifadhi ikiwa Marekani, andika taarifa kwa mujibu wa sheria yao ya hakimiliki ya kidijitali, DMCA, ya 1998, kifungu cha 512. Mpiga picha wa nchi yoyote anaweza kuituma, na haihitaji picha iwe imesajiliwa. Taarifa inapaswa kuwa na vitu sita, na kikikosekana kimoja wana sababu ya kuipuuza:

– sahihi yako, ya kalamu au ya kielektroniki;
– utambulisho wa kazi yako, weka anwani ya picha kwenye tovuti yako;
– utambulisho wa nakala inayolalamikiwa na mahali ilipo, anwani ya ukurasa na ya faili ya picha;
– mawasiliano yako;
– tamko kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayakuruhusiwa na mwenye haki, wakala wake, wala sheria;
– tamko kwamba taarifa ni sahihi na, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba wewe ndiye mwenye haki au umeruhusiwa kumwakilisha.

Kinachokwamisha zaidi ni cha tatu. Watu wanaandika anwani ya mwanzo ya tovuti nzima, na kampuni haiwezi kutafuta picha moja ndani ya makala maelfu. Iandike kwa lugha wanayoitumia wao, na tuma kwa wakala wao aliyeteuliwa kupokea taarifa hizi. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ina orodha ya mawakala hao ya kutafutika mtandaoni.

Mwenye tovuti anaruhusiwa kutoa taarifa ya kupinga. Akifanya hivyo, kampuni itairudisha picha kati ya siku 10 na 14 za kazi isipokuwa wewe umefungua kesi na kuwajulisha. Kwa hiyo usitume taarifa ambayo hauko tayari kuisimamia. Na usitie chumvi: kifungu hicho hicho kinamwajibisha anayedai kuna ukiukaji huku akijua kwamba si kweli, na mahakama ya rufaa ya huko iliamua kwenye shauri la Lenz dhidi ya Universal kwamba mwenye haki lazima afikirie kwanza kama matumizi ni halali.

Kampuni ikiwa Umoja wa Ulaya, kifungu cha 16 cha Sheria ya Huduma za Kidijitali kinawalazimu kuwa na njia rahisi ya kielektroniki ya kupokea malalamiko. Nayo inadai anwani kamili na maelezo ya sababu.

Ukishindwa kote huko, omba Google waondoe ukurasa kwenye matokeo ya utafutaji. Picha itabaki kwenye tovuti, ila wasomaji wanaoifikia kupitia utafutaji watapungua. Fahamu kwamba Google hupeleka nakala za maombi haya kwenye hifadhidata ya Lumen ambako yanasomeka hadharani, na jina lako linaweza kuonekana.

Hilo linanileta kwenye Instagram. Ndiyo, watajua. Ripoti ya hakimiliki haifanani na ripoti ya kawaida ya maudhui mabaya. Jina la mwenye haki, barua pepe uliyoweka na aina ya lalamiko hupelekwa kwa aliyeripotiwa. Tengeneza barua pepe ya kazi kwa ajili hiyo na usiweke namba yako ya simu binafsi au anwani ya nyumbani. Jaza kiungo cha kila chapisho, siyo cha ukurasa mzima. Stori zinadumu saa 24, kwa hiyo zirekodi kwa video ya skrini mara unapoziona.

Kwa ukurasa huo hasa, mimi ningewaandikia ujumbe kwanza. Kama wanakubali kukutaja kwenye mstari wa kwanza wa maelezo na kukuunganisha kwenye picha yenyewe, huenda wafuasi wao wakakufaa zaidi ya kuondolewa. Uamuzi ni wako, lakini uuandike: "Naruhusu chapisho hili moja, kwa jina langu, hairuhusiwi kwa matangazo wala kupewa mtu mwingine." Ukinyamaza tu baada ya wao kuongeza jina, kesho watasema ulikubali picha zako zote.

---

Mwanga_Pembeni ameandika:

Nimeelewa. Barua ya kampuni naituma Jumatatu. Swali la mwisho: wakikubali kulipa, kuna karatasi ya kusaini? Na kwa picha zijazo nibadilishe nini?

---

Ankara_Safi amejibu:

Ipo, na usikubali kulipwa bila hiyo. Makubaliano ya ukurasa mmoja yanatosha: pande zote mbili kwa majina yao kamili ya kisheria, picha ikiwa imebandikwa humo, matumizi yanayofungwa na malipo haya (orodhesha anwani na namba za matangazo yote manne), kiasi na tarehe ya kulipa, na kama leseni inaendelea au inakoma. Andika kwamba unaachilia madai ya matumizi yaliyotajwa tu. Wakileta rasimu yao inayosema "madai yote ya sasa na ya baadaye", rudisha. Ukisaini hiyo, bango lililofichwa litakalojitokeza mwezi ujao hutalidai. Kipengele cha usiri ni cha kawaida, unaweza kukikubali, ila jiachie nafasi ya kumweleza wakili na mhasibu wako. Barua zile mnazojadiliana kiasi ziandikwe juu "bila kuathiri haki" (kwa kawaida barua yenye maneno hayo haionyeshwi mahakamani), ile ya kwanza ya dai usiiandike hivyo, kwa sababu unataka uweze kuionyesha mahakamani.

Ushahidi usiufute hata baada ya malipo.

---

Kumbukumbu_Kamili amejibu:

Kwa picha zijazo: jina la pembeni linakatwa, umeliona mwenyewe. Ukitaka kuweka alama, iweke mahali ambapo kuikata kutaharibu muundo wa picha, mfano juu ya mstari wa daraja lenyewe, kwa weupe hafifu. Wengine hawapendi inavyoonekana na nawaelewa.

Muhimu zaidi ni sehemu za IPTC, yaani nafasi za kujaza taarifa ndani ya faili ya picha, wakati wa kutoa faili: jina la mpiga picha, tamko la hakimiliki lenye mwaka, kiungo cha masharti ya leseni na kiungo cha mahali pa kununua. Ukijaza kiungo cha masharti, Google Images inaweza kuonyesha alama kwamba picha hiyo ina leseni, na ukiweka cha pili inampa mtazamaji njia ya kuipata kwako. Hakikisha mfumo wa tovuti yako haufuti metadata unapopunguza ukubwa wa picha. Programu-jalizi nyingi za kubana picha hufuta zisipozuiwa kwenye mipangilio. Pakua picha moja kutoka kwenye tovuti yako mwenyewe, uisome kwa ExifTool uone kilichobaki.

Mtandaoni weka toleo la pikseli 1,200 au 1,600 upande mrefu. Linatosha kwa skrini, halitoshi kwa bango zuri. Na kampuni ikija na bango kubwa lenye ubora kamili, utajua faili haikutoka kwenye tovuti yako, bali kwa mmoja wa wachache uliowahi kuwatumia ile kubwa. Tunza orodha ya hao.